Teksi ya Kwenda Leipzig: Majirani Wasiotambuana

Msomaji mpenzi, katika makala zetu kuhusu nchi jirani tumezoea kuzungumzia mipaka unayoweza kuifikia kwa basi: Namanga, Tunduma, Mutukula, Rusumo. Leo nakuomba tuvuke mpaka ambao haupo tena, na chombo chetu cha safari kiwe filamu ya upelelezi. Jina lake kwa Kijerumani ni *Taxi nach Leipzig*, yaani "Teksi ya kwenda Leipzig". Ilionyeshwa kwenye runinga ya Ujerumani Magharibi jioni ya Jumapili, tarehe 29 Novemba 1970, ikawa sehemu ya kwanza ya mfululizo uitwao *Tatort*, jina lenye maana ya mahali uhalifu ulipotendeka. Mfululizo huo unaendelea hadi leo. Safari hii nimeitazama upya nikiwa na daftari mkononi, wala si kwa kumtafuta mhalifu, kwani nilikwisha kumjua. Nilitaka kuona nchi mbili zinavyoishi ukuta kwa ukuta huku kila moja ikijifanya haimwoni mwenziwe.

Kisa kinaanza na maiti ya mtoto. Mvulana mdogo amekutwa amekufa kwenye kituo cha mapumziko kando ya barabara kuu, karibu na mji wa Leipzig, katika Ujerumani Mashariki. Hana hati wala jina. Lakini viatu vyake vinasema: vimetengenezwa Magharibi. Basi ofisi ya mwendesha mashtaka mkuu wa Mashariki inawaandikia wenzao wa Magharibi kuomba taarifa, jambo ambalo wakati ule halikuwa la kawaida. Kabla jibu halijapatikana, ombi linaondolewa, na anayeliondoa haelezi sababu. Kwa ofisa mvivu, faili limefungwa. Kwa Paul Trimmel, mpelelezi wa polisi wa Hamburg, ndipo linapofunguka.

Trimmel anaigizwa na Walter Richter, ambaye mwaka ule alikuwa na umri wa miaka 65. Ni mtu mnene, mkali wa maneno, mwenye sigara kubwa kinywani na glasi ambayo haikai mbali naye. Kama umesoma riwaya za Muhammed Said Abdulla, utakumbuka Bwana Msa na kiko chake, mtu mpole anayeketi akafikiri mpaka fumbo likafumbuka lenyewe. Trimmel si wa namna hiyo. Yeye husukuma mlango. Simpendi sana kama mtu, nakiri, lakini hadithi hii isingeweza kusogea na mtu mwenye adabu zaidi.

Hapa lazima nisimame nikueleze hali ya nchi yenyewe, maana bila hiyo utaona watu wanaogopa barabara na usielewe kwa nini. Baada ya kushindwa katika Vita Vikuu vya Pili, Ujerumani iligawanywa na washindi, na mwaka 1949 zikazaliwa dola mbili: Jamhuri ya Shirikisho la Ujerumani upande wa Magharibi, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Ujerumani upande wa Mashariki. Mji wa Berlin, uliokuwa ndani kabisa ya eneo la Mashariki, nao ukakatwa vipande. Zaidi ya watu milioni mbili na nusu walihama kutoka Mashariki kwenda Magharibi, hadi usiku wa kuamkia tarehe 13 Agosti 1961, serikali ya Mashariki ilipoanza kujenga ukuta. Aliyetaka kwenda Berlin Magharibi kwa gari alilazimika kupita katika ardhi ya Mashariki kwa barabara maalumu zilizoruhusiwa. Mwenye gari angeweza kusimama kwenye vituo vya mapumziko, akanywa kahawa, akajaza mafuta. Kuiacha barabara hiyo na kuingia mjini bila kibali lilikuwa kosa.

Msomaji anayejifunza Kiswahili atazame kidogo maneno tunayoyatumia hapa. Majina ya nchi yanayoanza na U- hayana wingi. Hakuna awezaye kusema "Maujerumani". Tunapolazimika kuzihesabu tunasema "Ujerumani mbili", tukiazima upatanisho wa neno *nchi* ambalo hatukulitamka. Lugha yetu imetafuta njia ya pembeni. Wajerumani wenyewe walipata taabu kubwa zaidi. Kwa miaka mingi wengi wa Magharibi waliikwepa kabisa kuiita dola ile kwa jina lake. Waliiita "Kanda", kana kwamba ni sehemu tu ya ardhi inayokaliwa na jeshi la Kisovieti. Gazeti la *Bild* liliandika kifupisho cha jina lake ndani ya alama za nukuu, miaka nenda miaka rudi, likaziondoa Agosti 1989, wakati dola yenyewe ilikuwa imebakiwa na mwaka mmoja na kitu wa kuishi. Kukataa kumtaja jirani kwa jina lake ni siasa, na ni siasa iliyofika hadi kwetu, kama utakavyoona.

Na neno *mpaka* je? Ni nomino, mpaka na mipaka, mstari unaotenga. Ni kihusishi pia: kutoka asubuhi mpaka jioni. Neno lile lile linataja mahali panapokoma nchi na wakati unapokoma jambo. Katika filamu hii maana zote mbili zinakutana, kwa sababu watu waliotenganishwa na mstari wanaishi wakiuliza: mpaka lini?

Turudi kwa Trimmel. Hatua yake ya kwanza ni simu. Anamtafuta Karl Lincke, polisi wa Berlin Mashariki, ambaye alifanya kazi pamoja naye zamani, kabla nchi haijagawanyika. Katika hadithi nyingine simu ingekuwa jambo dogo. Lakini fikiria kwamba mwaka 1952 simu kati ya Berlin Mashariki na Berlin Magharibi zilikatwa, zikaja kurudishwa Januari 1971, miezi miwili baada ya filamu hii kuonyeshwa. Watu wa mji mmoja, ambao wangeweza kusikia kengele za kanisa moja, hawakuweza kupigiana simu moja kwa moja. Kwa hiyo mtazamaji wa 1970 alipowasikia wazee hawa wawili wakiongea kama watu wanaojuana, alijua anachoonyeshwa. Serikali hazisemezani, ila urafiki wa kazi ulikuwa bado na waya wake.

Urafiki huo, hata hivyo, una kivuli. Piga hesabu ya umri wao. Mtu aliyekuwa polisi nchini Ujerumani kabla ya mgawanyiko ana uwezekano mkubwa wa kuwa aliwatumikia pia mabwana wa kabla ya 1945. Filamu inapita hapo haraka, nami sidhani kwamba haraka hiyo ilikuwa ya bahati mbaya. Mwaka 1970 ilikuwa rahisi zaidi kwa runinga kuzungumzia ukuta kuliko kuzungumzia waliokuwa na sare miaka thelathini iliyotangulia.

Upelelezi unamfikisha Trimmel kwa Erich Landsberger, mkazi wa Hamburg mwenye mali, aliye na mtoto wa kiume. Na huko Leipzig yupo Eva Billsing, mwanamke ambaye Landsberger alizaa naye mtoto mwingine wa kiume nje ya ndoa. Watoto wawili, baba mmoja, sura zinazofanana, nchi mbili. Yule wa Hamburg ni mgonjwa wa saratani ya damu, ugonjwa ambao wakati ule ulikuwa karibu sawa na hukumu ya kifo kwa mtoto. Yule wa Leipzig ni mzima. Sasa unaanza kuona yule maiti wa barabarani ni nani, na yule anayelala katika kitanda chake kule Hamburg ni nani. Mtoto amebadilishwa na mtoto, kwenye kituo cha mapumziko, mahali pekee ambapo watu wa pande zote mbili waliweza kukutana pasipo kibali. Jinsi mtoto mgonjwa alivyofikia mwisho wake sikuelezi. Hilo ndilo filamu inalolilinda mpaka dakika zake za mwisho, na si haki yangu kukuibia.

Nataka tukae na huyu mama. Kwa nini mzazi akubali kumtoa mwanawe, mzima wa afya, akaishi upande wa pili wa ukuta ambako yeye mwenyewe hawezi kumfuata? Jibu ambalo mtazamaji wa Hamburg angelitoa mara moja ni kwamba Magharibi kulikuwa na maisha bora: uhuru, viatu vizuri, matumaini. Filamu haikatai jibu hilo, lakini hailisherehekei. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na Eva si mama asiyejali. Amepiga hesabu ya mapenzi kwa kipimo alichopewa na ukuta. Bila ule ukuta, baba na mama wangegombana juu ya malezi mbele ya hakimu kama wazazi wengine, mtoto angelala kwa baba likizo na kwa mama siku za shule. Mahali paliponyimwa njia ya halali, watu walitengeneza njia nyingine, na mmoja wa watoto hakutoka humo hai.

Sheria za nchi mbili ziliufanya mkanganyiko kuwa mkubwa zaidi, na hapa ndipo somo letu la uraia linapoingia. Mwaka 1967 Ujerumani Mashariki ilitunga sheria ya uraia wake yenyewe. Magharibi haikuitambua, kwa macho yake kulikuwa na uraia mmoja tu wa Kijerumani, na kila aliyefika kutoka Mashariki alihesabiwa kuwa raia tangu zamani, si mgeni. Basi jiulize: mvulana wa Leipzig alipofikishwa Hamburg, alikuwa nani? Hamburg ingemwona Mjerumani aliyekuja kwao. Leipzig ingemwona raia wake aliyetoroshwa, kinyume cha kanuni ya adhabu iliyofanya kuvuka mpaka bila ruhusa kuwa jinai. Kitendo kimoja, mtoto mmoja, na majibu mawili ambayo yote yalikuwa ya kisheria. Mtu anayefikiri kwamba uraia ni suala la karatasi tu na amtazame mtoto huyu.

Trimmel anaamua kwenda mwenyewe. Anasafiri kwa ile barabara maalumu, anaiacha, anapanda teksi hadi Leipzig. Hiyo ndiyo teksi ya jina la filamu, na ndiyo safari ninayoipenda kuliko sehemu nyingine zote. Hakuna anayemfukuza, hakuna risasi inayolia; ni mzee katika kiti cha gari akitazama nje. Ila kila mita anayosogea anazidi kuwa mkosaji. Hana hati ya kumruhusu, hakutumwa na mkuu wake, na akikamatwa serikali yake haitaweza kusema lolote la maana. Afisa wa sheria amevunja sheria ya jirani ili aufikie ukweli ambao jirani huyo aliuomba kisha akaukataa.

Je, alifanya vyema? Wanafunzi wangu hugawanyika hapa, na mimi mwenyewe ninaegemea upande wa wanaomlaumu. Polisi asiye na mipaka ya mamlaka ni mtu wa hatari hata anapokuwa na nia safi. Leo anatafuta haki ya mtoto, kesho atamtafuta mpinzani wa serikali aliyekimbilia ng'ambo. Lakini wanaomtetea nao wana hoja nzito: asingekwenda, mtoto yule angezikwa bila jina, kwa sababu ofisi mbili ziliona aibu kuandikiana barua. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba hadithi inampa Trimmel kuchagua kati ya kuvunja sheria na kunyamaza, na chaguo la tatu, mkataba wa kusaidiana katika mashtaka, halikuwapo kwa sababu majirani hawa hawakutambuana.

Kutotambuana kwao ndiko kulikofika pwani ya Afrika Mashariki. Tangu 1955 Ujerumani Magharibi ilikuwa na kanuni iliyopewa jina la Walter Hallstein, mwanadiplomasia wake: nchi yoyote itakayoitambua Ujerumani Mashariki itahesabiwa kuwa imetenda jambo lisilo la kirafiki. Yugoslavia ilikatiwa uhusiano mwaka 1957, Kuba mwaka 1963. Mapinduzi ya Zanzibar yalitokea tarehe 12 Januari 1964, na serikali mpya ya visiwani ikaitambua Ujerumani Mashariki, ikapokea balozi wake. Miezi mitatu baadaye, tarehe 26 Aprili, Zanzibar na Tanganyika zikaungana. Ghafla nchi moja ikawa na Wajerumani wa aina mbili: wa Magharibi Dar es Salaam, wa Mashariki Unguja. Kila upande ukamtaka Mwalimu Nyerere achague.

Alitafuta njia ya kati. Mapema mwaka 1965 iliamuliwa kwamba ubalozi wa Zanzibar ufungwe na Ujerumani Mashariki iruhusiwe ubalozi mdogo Dar es Salaam, bila kutambuliwa rasmi. Magharibi haikuridhika, ikawaondoa wataalamu wake wa misaada ya kijeshi, waliokuwa wakisaidia kujenga kikosi cha anga. Nyerere akajibu kwamba ikiwa misaada ina masharti ya namna hiyo, basi waondoe na misaada mingine ya serikali yao. Kwa nchi changa ilikuwa hasara ya kweli, na wako waliomwona mkaidi. Aliona kwamba nchi isiyofungamana na upande wowote haiwezi kuchaguliwa marafiki. Ukienda Unguja leo, tembea Kikwajuni na Michenzani utazame yale maghorofa yaliyojengwa kwa msaada na michoro ya Wajerumani wa Mashariki. Nchi iliyowatuma wataalamu wale imekwisha kufutika, na majengo bado yana wapangaji, nguo zimeanikwa kwenye vibaraza.

Filamu yetu, basi, ilitoka wakati kanuni ya Hallstein ilipokuwa ikilegea. Mwezi Machi 1970 Kansela Willy Brandt alisafiri hadi Erfurt, Mashariki, akakutana na Waziri Mkuu Willi Stoph. Mwezi Mei Stoph akaja Kassel. Filamu ikaonyeshwa 29 Novemba, na siku nane baadaye Brandt akapiga magoti Warszawa mbele ya mnara wa kumbukumbu ya Wayahudi waliopigana na kufa katika mtaa walimozuiliwa na Wanazi. Mkataba wa kuwarahisishia wasafiri njia ya kwenda Berlin ulitiwa saini Desemba 1971, na mkataba wa msingi kati ya dola hizo mbili Desemba 1972. Septemba 1973 zote mbili ziliingia Umoja wa Mataifa. Ndiyo sababu, naamini, Mashariki ya filamu hii haina mashetani. Mwanamume anayempenda Eva ni afisa wa polisi wa Mashariki, na mwandishi Friedhelm Werremeier pamoja na mwongozaji Peter Schulze-Rohr hawakumfanya mnyama. Ana wivu, ana wasiwasi, ana kazi ya kulinda. Miaka kumi kabla ya hapo, sidhani kama runinga ya Magharibi ingemwonyesha hivyo.

Ina kasoro zake. Mwendo wake ni wa polepole mno kwa jicho la leo, wanaume wanazungumza katika vyumba vilivyojaa moshi, na Leipzig unayoiona si Leipzig: waandaaji hawakuweza kwenda kupiga picha huko, wakatengeneza Mashariki yao kutokana na mitaa ya Magharibi. Ukijua hilo, kila ukuta mchakavu unakuwa na maana ya pili. Jambo la kuchekesha ni kwamba Wajerumani wengi wa Mashariki waliweza kunasa mawimbi ya runinga ya Magharibi kwa antena za nyumbani, isipokuwa hasa wale wa eneo la Dresden na la pembe ya kaskazini-mashariki. Walitazama Leipzig ya kuigiza wakiwa ndani ya Leipzig yenyewe. Serikali yao nayo haikukaa kimya. Juni 1971 ilianzisha mfululizo wake wa upelelezi, *Polizeiruf 110*, kwa jina la namba ya simu ya kuwaita polisi, ili raia wapate wapelelezi wao wa kijamaa wa kuwatazama.

Ukuta ulifunguka tarehe 9 Novemba 1989, na tarehe 3 Oktoba 1990 Ujerumani mbili zikawa moja. Runinga ya Mashariki ilivunjwa, lakini *Polizeiruf 110* haikuzikwa pamoja nayo. Inaonyeshwa hadi leo katika kituo kile kile cha *Tatort*, Jumapili ile ile, saa ile ile ya jioni, zikipishana kwa zamu. Na *Tatort* ilipofikisha filamu yake ya 1000, Novemba 2016, waandaaji waliipa jina la ile ya kwanza, *Taxi nach Leipzig*. Baadhi ya waigizaji wa 1970 walipewa nafasi ndogo ndani yake. Wapelelezi wawili wanapanda teksi upande wa Magharibi, usiku, na dereva, ambaye aliwahi kuwa askari, anawateka. Katika safari hiyo nzima wanaogopa mambo mengi: kisu, giza, msitu, hasira ya mtu aliyekwisha kukata tamaa. Hawaulizwi kibali.